Gia Tano Zilizolala

Misimu mitatu ya zabibu za Mpunguzi
niliitia kwenye bahasha ya kaki,
nikaipeleka Kizota, yadi ya Chilewa,
ambako pikipiki mbili zilikuwa zikinisubiri tangu Machi.
Au mimi ndiye niliyekuwa nikizisubiri.

Nyekundu ilizaliwa kwa ajili ya mashindano.
Haina subira hata ikiwa imezimwa.
Ukiipanda inakukunja:
kifua juu ya tangi, magoti kwapani,
viganja vibebe uzito wote wa kichwa
na mawazo yaliyomo.
Siti yake ya nyuma ni ukubwa wa kitumbua.

Ya kijivu nayo ina mbio, usiidharau,
ila inainama kidogo tu,
kama mtu anayenong'onezwa bei sokoni.
Usukani uko pale mikono inapofika yenyewe.
"Hii ni ya barabara," alisema Chilewa.
"Ile ni ya walioshaandika wosia."
Akacheka peke yake.

Jumapili alfajiri alinipa funguo zote mbili.
Nikaanza na ninayoitamani.

Gia ya kwanza, hiyo hiyo moja,
inavuka mia na arobaini.
Nala kuna kibao: hamsini.
Kisha tuta. Kisha tuta na wadogo zake watatu.
Kisha mbuzi, katikati ya lami,
wamesimama kama kamati iliyokosa akidi.
Kisha afande wa Chigongwe na tochi yake.
Injini ikanichemkia mapajani,
vidole vikafa ganzi,
na gia tano zikalala humo ndani
kama vyumba vya wageni
katika nyumba ya mtu asiyetembelewa.

Lakini nisidanganye.
Mbele ya Chigongwe lami ilinyooka, tupu,
jua linachomoza mgongoni mwangu,
nikavuta.
Sekunde nne. Labda tano.
Kivuli changu kilikuwa mbele:
kidogo tu nikipite.
Halafu punda, mkokoteni, madumu ya maji,
breki, harufu ya mpira,
mzee wa mkokoteni hata hakugeuka.
Mimi nilisimama. Moyo ulifika baadaye.

Ya kijivu ilinipeleka mpaka Bahi, kwenye majaruba,
ikala gia zake zote kwa adabu.
Nikanywa chai ya tangawizi, nikarudi,
shingo bado ni yangu.
Hakuna cha kusimulia.
Hilo ndilo lililonisumbua usiku.

Jumatatu nilikwenda na Sechelela.
Hakuuliza nguvu za farasi.
Alipanda nyuma ya nyekundu, akashuka,
akaitazama kama anavyotazama mkopo.
Akapanda ya kijivu, akajiweka sawa,
akanishika kiuno mbele ya mafundi wote.
"Mkoba nitauweka wapi?"
"Katikati yetu."
Nikafungua bahasha.

Nyekundu ilichukuliwa na kijana mmoja wa Ilazo.
Hupita kwetu usiku, barabara ya Iringa.
Nikiwa kitandani namhesabia:
ya kwanza, tuta,
ya kwanza, tuta.
Nacheka kimoyomoyo, kama mwenye hekima.

Ila juzi, saa kumi za alfajiri,
matuta yalimwishia, akaiachia.
Ya pili.
Ya tatu.
Ya nne, mungu wangu, ya tano,
sauti inapasua giza kuelekea Mtera,
inakuwa nyembamba, inakuwa uzi,
uzi wenyewe unakatika.

Nikajikuta nimeketi.
"Nini?" Sechelela aliuliza, macho yamefumba.
"Hakuna. Upepo."
Na chini ya shuka mkono wangu wa kulia
ulikuwa umeshika kitu kisichokuwepo,
unakizungusha taratibu,
taratibu,
mpaka mwisho.