Safu ya Sababu

Daftari la shule, kurasa tisini na sita,
nyuma ya jalada jedwali la kuzidisha.
Gaudensi ameandika kwa penseli yake ya useremala,
ile bapa, anayoichonga kwa patasi:

Wakili, laki nane.
Vipimo vya afya, sisi wawili.
Picha za pasipoti, seti tatu.
Hati za kiapo. Mihuri.
Nauli Keko mpaka ustawi wa jamii,
ustawi wa jamii mpaka mahakamani,
mahakamani mpaka "rudini wiki ijayo".

Chini, jumla.
Kaipigia mistari miwili, karatasi ikatoboka.

Wifi alinipigia simu kutoka Mbinga:
"Kumbe huko Dar watoto mnanunua?"
Wifi, mtoto hauzwi.
Mtoto hana bei. Karatasi ndiyo ina bei.
Zawena yuko kwetu mwezi wa saba kwa ulezi,
ananijua kwa harufu ya mafuta ya cherehani,
lakini mbele ya serikali
mimi bado ni jirani anayelala naye chumba kimoja.

Benki, kijana wa mikopo alifungua kompyuta:
biashara, ujenzi, bajaji, ada ya shule.
Akashusha, akapandisha.
"Hicho kipengele hakipo, mama."
Paroko alinipa elfu hamsini na sala.
Vyote nikavipokea kwa mikono miwili.

Ikabaki Jumamosi, kikoba chetu cha Tusichoke,
uani kwa Mama Chaurembo, chini ya bati linalolia joto.
Katiba yetu, kifungu cha tisa:
mwanachama akijifungua,
kila mmoja atatoa elfu kumi.
Miaka kumi na moja nimekitii kifungu hicho.
Usiku ule nilihesabu: mara ishirini na tatu.
Mapacha wa Sharifa nililipa mara mbili, kwa hiari yangu,
kisha nikaenda chooni kufungulia bomba
ili wasinisikie.

Nikasimama, nikasema shida yangu.
Mama Chaurembo akavua miwani.
"Kifungu kinasema aliyejifungua.
Huyu mwenzetu kajifungua nini?"

Kimya.
Zawena alikuwa amekaa juu ya sanduku la fedha,
lile la kufuli tatu na washika funguo watatu,
anatafuna ndizi, visigino vinagonga bati:
ko, ko, ko.

Ndipo Mwamvita, katibu,
asiyemwazima mtu hata kalamu,
akasema bila kuinua uso:
"Jamani, kujifungua kuna namna.
Wengine hufunguka mwili.
Huyu kafungua mlango.
Mtoeni mtoto hapo juu, leteni funguo."

Kwenye safu ya Sababu akaandika,
nami nikachungulia begani kwake:
*Amejifungua. Wa kike. Kilo kumi na moja.*

Wanawake walicheka mpaka jirani akachungulia ukutani.
Mama Chaurembo alitoa wa mwisho,
sarafu kwa sarafu, akinung'unika,
na juu yake akaweka mche wa sabuni.

Haikutosha. Laki mbili na sitini haifiki laki nane.
Wakili aliitazama mikono ya Gaudensi,
akatazama mafaili yake yaliyolala sakafuni:
"Nitengenezee rafu. Ukuta mzima.
Iliyobaki tutakatana polepole."
Basi usiku anapiga randa,
umeme ukikatika namshikia tochi ya simu,
na vumbi la mninga linatua kwenye chai.

Shauri limeahirishwa hadi tarehe kumi na nne.
Jaji yuko likizo.
Kuna elfu sabini sijui itatokea wapi.

Jana Zawena aliipata penseli bapa,
akachora juu ya jumla,
duara juu ya duara juu ya duara.
Gaudensi alichukua ufutio.
Nikamshika mkono.
Acha.
Deni tunalo kichwani.