Acha Mbao Zinywe

Siku ya tatu juu ya magogo, pale Katonga,
nyumba yetu imelala kama mgonjwa aliyegeuzwa ubavu.
Kuku wa jirani wanapita chini ya sakafu yangu.
Nimezoea samaki kupita hapo.

Fundi Kitwana Lubinga hasemi nasi kwanza.
Anagonga. Anaweka sikio. Anagonga tena.
Ubao mzima, anasema, hujibu ngo!
uliooza hujibu kama mtu aliyeshiba uongo.
Anatia alama kwa mkaa, hapa, hapa, na hapa,
mpaka ubavu wote umejaa misalaba
nami naihesabu kama bei.

Rasi ya Kabogo ndiyo iliyotufanya hivi.
Tulitoka Ikola na magunia arobaini ya mpunga,
mtoto, jiko, godoro, na redio isiyoshika;
usiku upepo ukavuka kutoka milima ya Kongo,
haukupiga hodi, ukaingia mpaka chumbani.
Nilichota maji kwa sufuria ya ugali.
Gwimo alishika usukani kwa mikono miwili na meno.
Magunia kumi na tisa tuliyatoa sadaka ziwani,
kabati la vyombo likafuata lenyewe, halikusukumwa.
Yasinta, miaka sita, tulimfunga kwa khanga kwenye nguzo,
akauliza kama asubuhi bado ipo.

Sasa Gwimo ana mipango.
Mwanamume akinusurika huwa na mipango.
Anachora mchangani kwa kijiti:
paa lipandishwe shubiri mbili, tusiishi tumeinama;
sola mbili, betri, taa kila pembe,
pampu inayojiwasha maji yakifika kifundoni,
injini ya farasi arobaini badala ya hii
inayokohoa kama mvuta kiko.
Na dirisha? nauliza.
Anachora dirisha. Dogo.
Naliongeza kwa kidole gumba.

Siku ya tano fundi anang'oa ubao wa kumi na moja
na nyuma yake kuna bati. Bati la kopo la mafuta,
sabuni ya mche imekandikwa pembeni,
misumari minne, kutu tupu.
Hii kazi ya nani?
Randa inanyamaza. Hata wanaoanika dagaa wanageuka.
Nakumbuka: mwaka ule wa gharama za hospitali
Gwimo alirudi kutoka karakana mapema mno,
akasema, tayari, ubao mpya, mninga safi.
Miaka mitatu nimelaza kichwa changu
shubiri moja kutoka kwenye sabuni.

Hakusema kitu. Alichukua nyundo ya fundi
akaanza kunyoosha misumari mikuukuu, mmoja mmoja,
ambayo hakuna aliyeihitaji.
Nami sikusema kitu.
Hospitali ile nililazwa mimi.

Pamba ikalowekwa mawese, ikashindiliwa nyufani;
patasi, nyundo, patasi, nyundo,
mchana kutwa, kama moyo wa mtu mwingine.
Tukauza redio. Tukauza injini mpya kabla ya kuinunua.
Sola ikabaki moja. Paa likapanda shubiri moja.
Dirisha likabaki lilelile, la kidole gumba.
Lakini ubao ni mninga. Niliunusa mwenyewe.

Jana tuliisukuma, watu ishirini na matusi yao.
Ikaelea. Na usiku huohuo ikavuja.
Gwimo akaruka. Fundi, kule ufukweni, hakusimama hata:
Acha mbao zinywe! Zimekaa juani wiki tano.
Zikishiba zitafunga zenyewe.

Basi nimekaa na kikombe, taa hafifu.
Saa nne, vikombe thelathini.
Saa sita, kumi na vinane.
Saa nane, tisa, labda kumi, nilisinzia.
Gwimo hajalala; anajikoromesha,
namjua, koromo lake la kweli lina pengo.
Namwambia bila kugeuka: inuka, zamu yako.
Anapokea kikombe.
Namsikia gizani akihesabu kwa sauti,
polepole, kila kikombe,
ili nisikie.