Unga wa Ngano

Siku ya sitini na tatu, shangazi Time
kanipa noti ya elfu kumi, ingali na joto la kifua chake.
"Faki, nenda kwa Mbarouk ukanunue unga."
Akasita. Akameza mate.
"Wa ngano. Kilo mbili."

Lini tena nilishikishwa pesa?
Nyumba hii ilinifichia redio, ilinifichia pasi,
vijiko vya chai vikihesabiwa kila magharibi
kama vifaranga,
na mwewe ni mimi.

Hatua mia nne na kumi hadi Mtemani.
Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.
Mimi nashtuka na chumvi.
Nashtuka na poda shingoni mwa mtoto,
na chokaa ya ukuta wa chuo ikinidondokea begani.
Hofu haina miguu, lakini imefika kabla yangu,
imekaa barazani,
imenisogelea kunipa nafasi.

Na Saleyum yupo pale pale, nyuma ya skuli,
ananiita kwa jina la maskani,
jina ambalo mama hakunipa.
"Elfu kumi hiyo, sahibu. Nusu saa tu."
Moyo ukapiga kama mchi kwenye kinu kitupu.

Sikumjibu kishujaa. Sikumjibu kabisa.
Kule nyumba ya nafuu walitwambia:
ukiogopa, taja unachokiona.
Nikataja, kwa sauti, kama mwehu:
Jamvi. Karafuu. Ndoo ya buluu.
Kuku anayechechemea.
Jamvi jengine. Karafuu tena.
Watoto wakanicheka, nami nikawataja:
Watoto. Watatu. Mmoja hana kiatu.

Mbarouk alipima mara mbili, akanitazama mara tatu.
Mfuko ulikuwa na tundu; kiganja kikawa cheupe.
Nilisimama nacho hapo dukani,
sijui kwa muda gani.
Kisha nikakipangusa kwenye suruali
kama mtu yeyote.

Shangazi hakuihesabu chenji.
Aliifunga kwenye pindo la kanga, yote, bila ya kutazama,
ila fundo alilikaza mno,
nikaona.
Akanisogezea sinia na kikombe cha maji.
"Haya, kanda."

Mikono inatetemeka mpaka viwikoni.
Unga haujali.
Unashikana tu na maji,
kidogo,
kidogo tena.