Mivuto Miwili

Kazi yangu ni mpira. Mpira wa njano, mita sitini,
unaotoka kwenye kompresa ya pipa la bia
na kuzama hadi kinywani mwa mtu.
Mvuto mmoja: niongezee urefu.
Miwili: nipandishe.
Mitatu Crescencio hajawahi kuivuta,
wala hatukuwahi kukubaliana ina maana gani.

Miaka kumi na tisa nimewalisha watu hewa
juu ya mashua isiyo na jina,
kwenye pwani hii ya Michoacán ambako barabara hujipinda milimani
kama mdeni anayeikwepa bahari.
Wao hushuka na nondo, hupanda na chaza.
Mimi sijawahi kushuka.
Nayajua maji kwa kiganja.

Ndipo akaja Yolotzin kutoka chuo kikuu, Morelia,
na kibao cha plastiki, penseli iliyofungwa uzi,
na ramani ambayo ghuba yetu
ilikuwa karatasi tupu kati ya rangi mbili.
“Hapa hakuna aliyewahi kuhesabu.”
Crescencio akatema kokwa ya ukwaju.
“Hakuna aliyewahi kuuliza.”

Jioni ya kwanza nikasoma kibao, mwandiko ukiyumba:
yaliyo hai, kumi na moja.
Yaliyopauka, thelathini na manne.
Yaliyokufa, yaliyovishwa mwani, hamsini.
Matano yaliyobaki yalikuwa alama ya kuuliza.

Crescencio hasomi. Yeye ana majina:
Kichwa cha Ndama. Kiazi cha Mjane. Wakata Magoti.
Mkate wa Refugio, kwa heshima ya mwokaji
aliyeunguza kila kitu isipokuwa jina lake.
“Mkate ulikuwa mpana kama meza ya harusi.
Mwaka ule maji yalipopata homa
ukawa mweupe kwa wiki tatu. Nilidhani ni chumvi.”
“Mwaka gani?”
“Aliozaliwa Nereo wangu. Baada ya kimbunga
kilichoondoka na paa la shule.”
Naye binti akaandika yote, kwenye safu ya tarehe:
kimbunga, paa, Nereo.

Usiku huo sikulala vizuri.
Miaka yote hiyo tumekula sahani moja,
na alikuwa amezika meza nzima chini ya mashua yangu
bila kuniambia.
Asubuhi nikamuuliza kwa nini.
“Ulikuwa umeshika mpira,” akasema.

Siku ya tano akaushika yeye.
Nikavaa miwani yake yenye ufa,
nikauma mpira uliokuwa na ladha ya dizeli
na ya meno ya watu wengine.
Sikushuka. Niliinamisha uso tu,
mkono mmoja ukingoni.

Sitasema bustani.
Watu wa televisheni husema bustani.
Niliona mtaa wa mama yangu baada ya tetemeko:
matofali, matofali,
ngazi inayopanda kwenda kwenye nyumba isiyokuwepo.
Na weupe, ambao tangu utotoni niliuita uzuri,
ulikuwa umelala juu ya kila kitu kama sanda iliyotandazwa kwa haraka.

Kisha, ndani ya ufa,
kitawi cha kahawia, ukubwa wa ngumi yangu.
Kahawia ya kawaida. Kahawia ya maharage.
Na mlangoni mwake kaa, mdogo kama kifungo cha shati,
makucha juu,
akinitisha mimi na miaka yangu hamsini na miwili,
na mashua, na kompresa, na jua zima.

Nikavuta.
Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu.

Nilipotoa kichwa, Crescencio alikuwa ameshika mpira kwa mikono yote miwili,
rangi imemtoka.
“Mitatu ni nini? Eufrosina! Mitatu ni nini?”
“Mwambie binti aandike moja,” nikasema.
Akauliza tena, lakini sikumsikia;
nilikuwa nimesharudisha uso majini.