Saizi Thelathini na Saba

Nyumba njema si mlango. Hii ilianza na mlango:
nguzo mbili nyeupe, na juu yake kioo
kama nusu ya chungwa, vipande tisa vilivyoshikwa kwa risasi,
ili mpita njia ajue, kabla hata hajabisha,
kwamba Jasper Odell, muuza siagi ya mapipa,
hanuki siagi.

Limerick, mwaka wa tisini na mbili, karne ya kumi na nane.
Wafalme walipokezana jina moja, Joji kwa Joji,
na matofali yakapangwa kwa adabu ileile:
dirisha juu ya dirisha, upana ni mmoja.
Urefu ndio uliosema.
Sebuleni, kioo futi tisa.
Vyumba vya kulala, sita.
Kwa watoto, nne.
Na darini, kwa Honora Tuohy, mwasha moto,
kidirisha cha mraba, cha kutoa kichwa kimoja
kama huna nywele nyingi.

Kodi ya madirisha ilipopanda, Odell akaziba la ngazini
kwa tofali, kisha akamwita mchoraji
achore vioo juu ya tofali, na pazia lililoshushwa nusu.
Lipo hadi leo. Mvua hulipiga kama ndugu zake.
Ndilo pekee lisilovuja.

Mimi nauza viatu.
Mwaka wa thelathini na moja babu yake Dervla Considine
aliinunua nyumba kwa bei ya farasi wawili na deni,
akaleta boriti ya chuma kwa mkokoteni,
akaing'oa meno yote ya mbele.
Nguzo zikaenda, asijue mtu wapi.
Nusu ya chungwa ikaenda kwa shemeji yake, kwenye banda la kuku,
na kwa miaka mingi kuku wa shemeji
walitaga chini ya mwanga wa kibwanyenye.
Hapa akaweka kioo kimoja, kipana,
na nyuma yake viatu, ncha zikitazama barabara.

Anayetembea macho chini husoma: PUNGUZO.
Anayeyainua (mlevi, mtalii,
mtoto aliyepakatwa begani)
huona ghorofa tatu zimekaa hewani
kama bibi kizee aliyevutiwa kiti
na hataki kukiri.

Mlangoni kimesalia chuma cha kukwangulia tope.
Wateja hujikwaa. Kila Jumatatu Dervla anasema king'olewe,
na kila Jumatatu fundi ana msiba.

Stoo iko darini.
Ngazi kubwa ina zulia na mkono wa mkangazi;
ina hadhi, kwa hiyo inakomea ghorofa ya pili.
Kisha kilango chembamba, kilichopakwa rangi ya ukuta kisionekane,
na ngazi ya nyuma, mbao tupu, vidato arobaini na kimoja.
Nimevihesabu nikiwa na maboksi kifuani.
Katikati ya kila kidato pana kishimo, kama sahani.
Kiatu hakichimbi hivi, fundi aliniambia, kiatu huvunja ukingo.
Hizi ni nyayo.
Huenda anaongopa; huyu ni yule wa misiba.

Chumba cha Honora: maboksi mia nane na sitini,
mpaka kwenye kidirisha.
Waya wa kengele bado umechomoza ukutani,
mfupi kama sharubu la paka.
Nyuma ya ubao walikuta daftari la Odell:
chumvi, mapipa, mishumaa,
Honora, pauni tatu kwa mwaka.
Mstari unaofuata, *viatu*,
umekatwa kwa wino uleule, mkono uleule,
bila haraka.

"Thelathini na saba! Nyeusi, za kamba!"
Dervla, kutoka chini kabisa.
Nazivuta, rundo linayumba, linatulia.
Nashuka gizani nikitafuta kila kishimo
kwa kisigino.
Hakienei.