Vigingi vya Bukalasi

Miezi mitatu ng'ambo walitufundisha
kuusoma mlima kama mtu asomavyo barua ya deni:
pembe ya mteremko, uzito wa udongo uliolowa,
mvua ya siku tatu igeuzayo shamba kuwa uji.
Sangita wa Nepali alichora bonde la kwao,
mimi nikachora Bukalasi.
Tulipoziweka ramani pamoja
mwalimu alishindwa kujua ipi ya nani.

Nimerudi na cheti ndani ya mfuko wa plastiki,
vigingi vya mkaratusi,
futikamba ya fundi cherehani.
Mama Nabifo ananitazama nikipima ufa
unaopita kati ya migomba na kahawa yake
hadi chini ya jiko.
Sentimita nne Jumatatu. Alhamisi, saba.

"Huko ng'ambo," anauliza,
"walikufundisha pia mtu ahamie wapi?"

Napekua daftari.
Ukurasa huo sina.

Anachukua nyundo mkononi mwangu,
anapigilia kigingi kimoja zaidi
mlangoni pa chumba wanamolala wajukuu.
"Hiki nitakisoma mimi, usiku."

Masaba haionekani kwa wingu.
Mvua bado;
kuku wamekwisha ingia ndani.