Hodi ya Nne

Daktari wa Bombo, kijana, kucha safi,
alinichorea nyuma ya bahasha ya majibu
mstari unaoteremka.
"Hii estrojeni, mama. Imeshuka."
Kisha wa pili, unaopanda
kama ngazi za mnara wa msikiti:
"Na hii inatoka kwenye tezi ya kichwani,
ndogo, punje ya njegere.
Kazi yake kuamsha mayai."

Mayai yapi, mwanangu?

Akacheka, akafuta miwani.

Nikarudi Ngamiani kwa miguu,
mpaka Barabara ya Kumi na Sita
naiwaza ile njegere:
imesimama mlangoni pa nyumba iliyohamwa,
inapiga hodi.
Sisi tulifundwa, hodi ni tatu,
usipojibiwa geuka, nenda zako.
Yenyewe haikupata kungwi.
Inapiga ya nne, ya arobaini,
inapaza sauti mwezi hata mwezi,
na ndani hakuna wa kusema karibu.

Labda ndizo kelele za saa nane usiku.
Moto unaanzia kifuani, unapanda shingo,
nafungua dirisha, nalowesha kanga bombani.
Mbaruku anageuka kitandani:
"Mwajabu, mbu."
Waache, nao wapoe.

Nimeshona sare za shule miaka thelathini na moja.
Goti la kukanyagia cherehani sasa linalia.
Mifupa nayo, alisema kijana,
ilikuwa ikilindwa na hiyo iliyoshuka.
Kumbe nilikuwa na mlinzi, jina simjui,
kaondoka bila kuaga,
hata mshahara hakudai.

Haikwisha yote, lakini. Kidogo bado kinapikwa
kwenye mafuta ya nyonga,
hizihizi alizozicheka wifi yangu Mwanakheri
harusini Chumbageni.
Estroni, akaandika, kwa mwandiko wa kidaktari.
Nikaipenda. Kama jina la mtoto wa jirani.

Hili sikumwambia:
Ramadhani iliyopita nilifunga yote,
mfululizo, siku thelathini,
mara ya kwanza tangu nivunje ungo.
Sikujibanza jikoni na kipande cha muhogo,
sikubaki na deni la saumu
la kukimbizana nalo Shaabani.
Magharibi ya mwisho, machozi yakanitoka.
Mbaruku akauliza kulikoni.
Vitunguu, nikamwambia.

Tulikuwa tunakula tende.